Wapelelezi Wawili wa Ngome ya Tolliver

Jumatatu, 29 Aprili

Sijawahi kushtuka hivi tangu nizaliwe. Nimekaa mezani nakula kiazi changu kwa amani, Janine mke wangu akaweka uma chini, akasema mama yake anakuja. Si kututembelea. Kutukagua! Mama Verna, mama mkwe wangu, aliyefundisha shule ya serikali mpaka walimu wakuu wakawa wanambishia hodi, anataka kujua wajukuu zake wanafundishwa nini humu ndani. Jumamosi atafuatana nasi kwenye ziara ya Ngome ya Tolliver, ngome ya kale ya hapa kwetu Ohio. Atawasikiliza watoto, kisha atatoa neno lake. Akiridhika, naendelea kuwafundisha nyumbani. Asiporidhika, shule zikifunguliwa wanapanda basi la njano la shule.

Nilicheka. Janine hakucheka. Nikajua mambo yameiva.

Nikamkumbusha kwamba Keziah ana miaka kumi na miwili tu na anajua kuoka mkate. Akasema mkate si historia. Nikamkumbusha kwamba Thad, mdogo wake, amefuga kuku. Akasema kuku wale walikufa. Ndiyo, walikufa, lakini kwani kifo si somo?

Yeye kutwa yuko kwa daktari wa meno, anapanga miadi ya watu wenye mashavu yaliyovimba. Hajui raha ya nyumba hii asubuhi, watoto wangu wawili wamelala kifudifudi kwenye zulia wanabishana kuhusu sayari, na mimi katikati yao na kahawa yangu. Wakienda shule nitabaki na nani? Sitaki hata kuliwaza hilo basi. Likipita mtaani huwa nafunga pazia.

Nimejaribu kukumbuka historia yote tuliyosoma mwaka huu. Loo! Hakuna. Hakuna kabisa! Tulianza na Misri, tukafika kwenye piramidi, tukaamua kujenga ya kwetu uani kwa matofali, ikaporomoka juu ya bomba la maji. Baada ya hapo mambo ya Misri yakawa mikononi mwa fundi bomba.

Lakini mimi ni Lowell Niswander. Akili ninazo. Kesho naanza.

Jumanne, 30 Aprili

Mpango umepatikana. Mpango maridadi! Kwani mama mkwe ana haja gani na historia yote? Watoto watajua historia ya Ngome ya Tolliver tu, tena ya siku moja tu: siku iliposhambuliwa na Waingereza, tarehe tano Mei, mwaka 1814. Nimewatungia wimbo:

Tarehe tano ya Mei, adui kavuka mto,
Kapenya lango la nyuma, baruti ikawa moto,
Kapteni katoroka, kajificha na watoto!

Umekamilika. Una tarehe, una mahali, una aibu ya Kapteni, ambaye kitabu kinasema alikutwa chumba cha watoto amejifunika blanketi. Thad aliushika kabla kahawa yangu haijapoa. Keziah akaanza maswali. Kwa nini lango la nyuma liliachwa wazi? Nani aliliacha? Waingereza walikuwa wanataka nini hasa? Nikamwambia asiuharibu wimbo.

Jioni kukawa na mkutano wa kikundi chetu cha wazazi wanaofundisha nyumbani, ukumbi wa kanisa. Aliyeitisha ni Corinne Tewell. Kila kitu anaitisha Corinne Tewell. Ana watoto sita, wanavaa fulana za rangi moja kama timu ya mpira, na wote wanasema Kilatini, hata yule anayenyonya kidole. Nikadokeza, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba wanangu wana wimbo wa ngome. Kisha nikadokeza tena, kwa sauti, maana nyuma hawakusikia. Corinne akatabasamu. Namjua yule. Tabasamu lake ni sukari juu, pilipili chini.

Mara akasimama kutoa tangazo. Eti wale watu wanaovaa mavazi ya kale na kuigiza askari wa ngome, Jumamosi kwao itakuwa Mei nne, 1814. Siku moja kabla ya shambulio. Kwa hiyo hawajui chochote cha baadaye. Ukiwauliza simu, hawajui simu. Ukiwauliza kesho, hawaijui kesho. Tuwaonye watoto, mtu asitaje shambulio, tusije tukaharibu mchezo.

Nusura nianguke na kiti! Jamani, mwanamke huyu! Kausikia wimbo wangu, kijicho kimempanda, na palepale kabuni sheria ya kuwafunga wanangu midomo! Mbele ya mchungaji! Wazazi wengine wakaitikia kwa vichwa kama kondoo. Mimi sikuitikia. Mimi si mtoto wa jana.

Jumatano, 1 Mei

Nimeenda kumwona Russ. Wiki nzima Russ ni fundi wa viyoyozi. Siku za ngome ni Sajini Obadiah, na yeye ndiye anayesimama getini kuwapokea wageni. Nilimkuta mezani jikoni kwake anashona vifungo vya koti kwa mkono. Kwa mkono! Ana cherehani pale kabatini. Akaniambia mwenzao mmoja aligunduliwa na mshono wa cherehani kwenye kola, akaosheshwa masufuria ya kambi msimu mzima. Niliduwaa. Hawa watu ni wagonjwa.

Nikamkabidhi pai ya cheri. Nikamwambia sina makuu. Jumamosi wakishapangwa watoto, awaulize wangu kwanza. Na awaulize kwa sauti, karibu na bibi mmoja mwenye mkoba mweusi. Akauliza awaulize nini. Nikamwambia awaulize habari za huko mtoni, watajua wenyewe.

Russ akacheka, akasema nimsikilize vizuri. Akishavaa lile koti, hamjui mtu. Mwaka jana mkewe alikuja getini kudai funguo za gari, naye akamwuliza gari ni mnyama wa namna gani. Mkewe akaenda kulala kwa dada yake.

Nikamkonyeza. Akaniuliza kama jicho linaniuma. Mwigizaji hodari! Akasema basi, ataanza na wanangu, na watakalolijibu ni shauri yao. Pai akaichukua.

Ijumaa, 3 Mei

Amefika! Mama Verna. Amekuja na mto wake wa kukalia, maana viti vyetu havina nidhamu. Hayo ni maneno yake. Akazunguka chumba cha masomo mikono nyuma. Akasimama mbele ya ramani ya dunia niliyoitundika kichwa chini ili watoto wapate mtazamo mpya. Akaitazama weee. Kisha akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama nimewahi kuwaambia watoto kwamba nimeigeuza.

Sikuwahi! Nilishtuka mwenyewe. Thad akasema kwa furaha, kumbe ndiyo maana Kanada huwa iko chini.

Akamwuliza Thad saba mara nane. Thad akajibu hamsini na sita. Nikashangaa kuliko mama mkwe. Kajifunza wapi? Nikasema, kama hivyo, ndiyo kazi yetu hapa. Keziah akasema ni yeye aliyemfundisha, juu ya mti. Wakati mwingine mtoto huyo hajui kunyamaza.

Baada ya chakula nikawaita gereji kwa mazoezi ya mwisho. Thad akaomba donati kabla ya kuimba na nyingine baada ya kuimba. Nikakubali, msanii hula kwa sanaa yake. Keziah yeye akasema, Baba, Mama Tewell alisema tusitaje shambulio. Nikamwambia katika nyumba hii mwalimu ni mmoja, na si Mama Tewell. Kisha akasema sawa Baba, ila nimekuonya.

Nimeonywa! Na mtoto niliyemfundisha mimi mwenyewe kufunga kamba za viatu!

Jumamosi, 4 Mei

Naandika nimelala kwenye kochi. Mwili mzima unanuka vitunguu. Bado sijaamini.

Tulifika mapema, jua zuri, mto umejaa, bendera juu. Mimi nilivaa kofia yangu ya manyoya yenye mkia wa mnyama rakuni mgongoni, kama wawindaji wa kale, kuonyesha kwamba familia hii inaishi historia. Janine akasema hatashuka garini na mtu mwenye mkia. Akashuka, lakini akatembea mbele. Watoto wa Corinne walikuwa wamevaa nguo walizoshona wenyewe, na mkubwa wao kabeba ndoo ya mbao aliyoichonga mwenyewe. Ndoo! Nani anamwalika mtu na ndoo?

Getini alikuwa Russ na koti lake la bluu. Nikamkonyeza. Akaniuliza kama nimetoka msituni na kama ninauza ngozi. Watu wakacheka. Nikacheka pia, nikijua mambo yangu.

Akawapanga watoto wote uwanjani, katikati ya ngome. Kapteni mwenyewe alikuwa ndani anakula. Askari wengine walikuwa jikoni nje, na sufuria la maharage linachemka. Mama mkwe kasimama upande wangu na mkoba wake mweusi kaukumbatia. Sajini akawapita watoto wa Corinne, akawaendea wanangu moja kwa moja. Oh, laiti ningeipiga picha sura ya Corinne! Akasema, “Haya nyie wawili, mna habari gani za huko mtoni?”

Nikatoa ishara. Wakaimba. Nyororo! Sauti kama za malaika. Mstari wa kwanza, Sajini akakunja uso. Mstari wa pili, mpishi akadondosha upawa ndani ya maharage. Mstari wa tatu, Kapteni akatokea mlangoni na kitambaa cha kulia chakula shingoni.

Corinne kajishika mdomo.

Kisha Sajini akapiga yowe, “Wapelelezi!” Ngoma ikalia! Askari wakaja mbio kutoka kila pembe, wakawazunguka wanangu kwa bunduki. Mmejuaje adui atavuka kesho? Lango la nyuma mmeambiwa na nani kwamba ni bovu? Na Kapteni, akiwa mwekundu kama nyanya, akauliza ni nani huyo anayedai yeye atajificha na watoto!

Mungu wangu. Kumbe tangazo la Corinne lilikuwa la kweli! Kwao ni Mei nne kwelikweli! Nilisimama pale mdomo wazi, nzi angeweza kuingia akafanya makazi. Halafu nikawaza: lakini kwa nini Corinne alisema ukweli? Hii ni hila ya aina gani?

Nikajitosa katikati, nikamshika bega, nikamwambia, “Russ, basi bwana, utani umetosha, hawa ni wangu.” Akautazama mkono wangu begani kwake kama mtu aliyeona nyoka. Akauliza Russ ndiye nani. Ndilo jina la siri la mkubwa wenu? Umati ukapiga makofi. Nikamnong'oneza, pai, kumbuka pai. Akawageukia watu wote, akatangaza kwamba mpelelezi amejaribu kumhonga kwa chakula!

Ikaitishwa mahakama ya vita. Palepale! Meza, karatasi, kalamu ya unyoya. Kapteni akakaa. Akawauliza wanangu ni nani aliyewafundisha maneno yale.

Thad akaninyooshea kidole. Swali lilikuwa halijaisha! Mwanangu wa kumzaa, na sukari ya donati yangu bado iko kwenye kidole hichohicho!

Keziah akaomba ruhusa ya kusema. Akasimama wima, mikono pembeni. Nilidhani ataniokoa. Akasema, “Bwana Kapteni, sisi ni watoto. Mwalimu wetu ni yule pale mwenye mkia. Tulimwonya.”

Lakini alikuwa hajamaliza. Akasema kama wangekuwa wapelelezi wasingeimba, mpelelezi hunong'ona. Akasema, tena, wimbo huu ama ni uongo ama ni kweli. Ukiwa uongo, haujamdhuru mtu. Ukiwa kweli, basi sisi tumewaokoa, na badala ya kutuelekezea bunduki mngekwenda kulifunga hilo lango.

Kapteni akamtazama Sajini. Sajini akatazama viatu. Ikabidi Kapteni atoe amri, na askari wanne wakatimua mbio kwenda kufunga lango la nyuma, mmoja kofia ikamdondoka. Watu walishangilia hadi njiwa wakaruka paani. Thad akadai zawadi. Wakapewa biskuti za askari, ngumu kama vigae, naye akaanza kuitafuna yake papo hapo.

Mimi je? Kapteni akasema watoto wako huru, lakini mwalimu wao ana kesi. Yuko mtu mzima wa kumdhamini? Jamani, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Corinne! Adui yangu! Nilishtuka hata nikasahau kushukuru. Lakini Kapteni akasema anataka mtu mwenye mvi, mtu wa heshima, na macho yake yakamwangukia mama mkwe.

Nikavuta pumzi. Damu nzito kuliko maji, nikasema, hata damu ya kuoa.

Mama Verna akasogea mbele. Akarekebisha miwani. Akanipima tangu mkia hadi viatu. Akasema, “Simfahamu mtu huyu.” Halafu, kana kwamba hilo halikutosha, “Na sura yake siiamini.”

Janine alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Mke wangu wa ndoa!

Wakanitia mahabusu. Ni kijumba cha magogo wanakoweka vitunguu siku ambazo hawana wafungwa. Kuna kidirisha kimoja chenye nondo. Watalii walikuja kunipiga picha. Mzee mmoja akanirushia karanga.

Kisha watu wakaenda kula, nikasikia sauti nazifahamu. Mama mkwe kaketi na watoto kwenye benchi, chini kabisa ya kidirisha changu. Hakujua niko juu ya kichwa chake, au alijua, huyo hatabiriki. Nikatega sikio. Akawauliza watoto, bila kuzunguka, wanataka kwenda shule au hawataki.

Nikasimama kwa ncha za vidole, nisikose neno.

Keziah akasema anataka. Hivyo tu! Anataka! Akasema anataka kuona darasa la sayansi lenye vile vichupa vya kioo. Anataka mwalimu ambaye ukimwuliza kwa nini, anajibu, au anasema sijui tukatafute. Alikuwa akiyasema taratibu, kama mtu aliyeyafikiri siku nyingi. Nami nilikuwa nimeshika nondo kwa mikono miwili.

Mama mkwe akasema basi, mbona ni jambo rahisi. Keziah akasema, “Lakini Bibi, Baba atabaki na nani?”

Thad akasema, mdomo umejaa biskuti, kwamba wiki ile walipokuwa kambi ya kanisa walirudi wakanikuta naongea na friji. Keziah akasema sikuwa naongea tu, nilikuwa nabishana nalo. Akasema, Bibi, hawezi kuachwa peke yake kutwa nzima. Mama yuko kazini. Sisi tukienda, nani atamwangalia?

Nikasikia mkoba wa mama mkwe unafunguliwa, na mtu anapenga kamasi.

Nikakaa juu ya gunia. Miaka yote hii nimedhani ninawalea. Nililia. Naandika wazi, nililia, wala si kwa ajili ya vitunguu.

Waliponifungulia, Russ alikuwa keshavua koti. Akanipiga begani akaniambia pai ilikuwa tamu sana. Sikumjibu. Nikamwuliza Russ ndiye nani.

Jumapili, 5 Mei

Nimeamka na akili mpya. Kulia kumenisafisha macho. Nimeitazama Jumamosi upya, nikaona jambo ambalo wote hawakuliona: mpango ulifaulu! Watoto waliimba. Watoto walijibu. Watoto walimshinda Kapteni wa jeshi mbele ya mashahidi. Nani aliwapeleka pale? Mimi.

Tulitoka kanisani tukamkuta Corinne mlangoni kwetu na bakuli la viazi vilivyookwa na jibini, limefunikwa vizuri. Nilipigwa na butwaa. Hapa kwetu bakuli kama lile hupelekwa penye msiba! Akanishika mkono akaniambia niwe na nguvu. Nikamwambia hakufa mtu. Akasema anajua, lakini bado. Nimekula sahani mbili. Vitamu. Inaudhi.

Mezani nikawahi kabla mama mkwe hajaanza. Nikaeleza kwamba kukamatwa kulikuwa sehemu ya somo. Nilitaka watoto waonje sheria, ushahidi, na utetezi. Hata kufungwa kwangu nilikupanga. Janine akafumba macho. Thad akauliza, na karanga nazo?

Mama Verna akasubiri nimalize. Kisha akafuta mdomo, akatoa hukumu. Historia, akasema, hawajui. Wanajua mistari mitatu. Lakini amefundisha maisha yake yote, na hajawahi kuona mtoto wa umri wa Keziah akisimama mbele ya watu wazima wenye bunduki na kuwapangia hoja namna ile. Vichwa wanavyo. Wamezoea kuuliza, na hawaogopi mkubwa akikosea.

Nikainama kwa unyenyekevu. Akasema hakuna mtoto anayejifunza kutomwogopa mkubwa anayekosea ila awe ameishi karibu sana na mmoja. Nikazidi kuinama. Baadaye kidogo nikauelewa msemo huo.

Akaendelea. Basi la njano hawatapanda, kwa sababu Keziah amekataa, na sababu yake anaijua yeye Bibi na Keziah. Hapo akanitazama, haraka, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake macho yake hayakunichoma. Lakini, akasema, mwalimu atabadilika. Atafundisha yeye. Hapa hapa. Kuanzia kesho.

Sikuwa nimemeza kiazi, Janine keshasema ndiyo! Keshasema ndiyo na asante Mama, keshaanza kulia kwa furaha! Nikasema, na mimi? Nani ameniuliza mimi? Nikatazama meza nzima. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Ndipo Keziah akainua mkono kama yuko darasani. Akasema wao wanakubali, ila kwa sharti moja. Baba naye ahudhurie.

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu. Akasema, “Haya, aje. Kiti kipo.”

Mimi! Mwanafunzi! Katika nyumba niliyoikopea benki!

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya kwanza ya masomo. Nilichelewa. Chumba cha masomo kiko hatua chache kutoka chumba changu cha kulala, na bado nilichelewa. Mama Verna akanitazama, akaniambia pajama si vazi la kujifunzia, nirudi nikabadilishe. Ramani imegeuzwa. Imenichukua muda kuipata Ohio.

Kisha, bila hata kutuacha tuzoee, mtihani! Mshtuko wa mwisho wa wiki hii! Swali moja tu: kwa nini lango la nyuma la Ngome ya Tolliver liliachwa wazi? Watoto wakainama wakaandika. Wanaandika nini? Wamejulia wapi? Kumbe jana mchana, nilipokuwa nimelala, Bibi yao aliwapeleka maktaba. Hakuna aliyeniamsha!

Mimi nilikuwa na mistari mitatu. Nikaiandika. Nikaiandika tena kwa mwandiko mwingine ili ionekane mingi. Ukurasa bado mweupe. Nikamchungulia Thad. Akafunika karatasi kwa mkono mzima, akapaza sauti, “Bibi, Baba anaibia!” Mtoto mchoyo! Nikahamishwa kiti, nikawekwa karibu na dirisha, kando ya Keziah.

Wamekosea sana. Keziah ana mwandiko mkubwa, mzuri, unasomeka hata na mtu asiye na miwani. Nikajinyoosha kama mtu mwenye maumivu ya shingo. Sikuona vizuri. Nikajinyoosha tena. Mara Keziah akaisogeza karatasi yake upande wangu, kidogo, kisha kidogo tena, akageuza uso akawa anatazama nje. Akatazama nje mpaka nilipomaliza kunakili yote.

Hakuhisi kitu! Mtoto ana akili, sikatai, lakini ni mzembe mno, hajui kulinda kazi yake. Kesho ni mtihani wa mito. Nitakaa palepale.